Supu Imepoa

Watu wa filamu walimwita Masikio, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kunasa sauti. Wenzake wakihangaika na taa na kamera, yeye hujikalia pembeni, mashine mapajani, vipokea sauti kichwani, macho ameyafumba nusu kama mtu anayesinzia mkutanoni. Usidanganyike. Huyo alikuwa akisikia mpaka njaa za watu. Mwigizaji yuko katikati ya maneno matamu ya mapenzi, tumbo likanguruma, Masikio ndiye wa kwanza kujua, na ndiye anayelazimika kusema mbele ya kadamnasi kwamba jamani turudie, kuna tumbo hapa.

Rafiki yake wa kufa na kuzikana alikuwa Mkavu. Huyu alikuwa mwigizaji, tena si wa kubabaisha. Jina alilipata kwa sababu ya uso wake. Aliweza kusema neno moja watu wakavunjika mbavu, yeye ametulia tuli, anawatazama kama anayejiuliza wamepatwa na nini. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu nywele zao zingali nyeusi, na kwa miaka yote hiyo Mkavu alikuwa na mchezo mmoja wa kumuudhi mwenzake. Mwigizaji huvishwa kipaza sauti kidogo ndani ya shati, na anayesikia kila pumzi yake ni mtu mmoja tu, yule mwenye vipokea sauti. Basi Mkavu, akishaipa kamera kisogo, alikuwa akimnong'oneza. Wanapiga picha ya mazishi, watu wameinamisha vichwa, machozi yanawatoka, mara Masikio anasikia: "Masikio, marehemu amenikanyaga." Siku nyingine muuaji amejificha kabatini anamvizia mtu, kimya kimetanda, na sauti ndogo inatoka mle: "Bwana we, humu ndani tuko wawili."

Nia yake ilikuwa kumchekesha aharibu picha, ili kila mtu amgeukie na kumlaumu. Masikio alijifunza kuuma mdomo. Alijifunza pia kujibu bila sauti: anamwinulia dole gumba, maana yake nimekusikia, leo hunipati, endelea. Minong'ono yenyewe aliifuta baadaye kwenye mashine, na hakuna aliyewahi kuumia.

Filamu ya mwisho waliyofanya pamoja ilikuwa ya mauaji na ya kuchekesha kwa wakati mmoja. Ukishangaa, si wewe peke yako. Hata Masikio alishangaa alipohadithiwa. Familia moja imechoka kumsubiri babu yao afe ili wagawane nyumba, wanamkodi muuaji. Muuaji anaingia mle kama mpishi. Lakini kila mtego anaoutega unamnasa mtu mwingine. Anakata mguu wa kiti cha babu kilichopo juu ya ngazi, anakuja kukikalia mtoto mkubwa wa kiume. Analegeza vyuma vya roshani, anaviegemea mkamwana. Na baada ya kila kifo ni huyohuyo mpishi anayepanga viti vya wafiwa na kuwauliza kwa adabu nani anatumia sukari. Babu, yeye, anazidi kunawiri. Mwishowe mpishi anatia sumu kwenye supu, babu anamwomba anywe kwanza yeye aone kama iko sawa, na mtu mzima mwenye adabu zake anaona haya kukataa chakula alichokipika kwa mikono yake.

Mwigizaji mwingine angeicheza hiyo kwa kutoa macho na kuangukaanguka. Mkavu alimcheza muuaji kama fundi bomba aliyekuja kuziba mahali pamoja akapasua patatu, sasa anaona aibu mbele ya wenye nyumba. Hakumwomba mtu kicheko hata kidogo. Ungemcheka, halafu ungemhurumia, halafu ungejishangaa mwenyewe, maana huyo unayemhurumia ameshamaliza nusu ya familia. Watu wa taa, ambao wameona kila aina ya uigizaji na hawana muda wa kustaajabu, walikuwa wakiacha vikombe vyao vya chai na kuja kusimama mlangoni wamtazame.

Siku ya mwisho walipiga picha ya mezani. Muuaji anakunywa supu, anaweka kijiko, anamtazama babu kwa kitambo, anasema, "Supu imepoa," kisha analaza kichwa mezani na kufa. Babu anamjibu, "Kesho nitakupashia." Basi, hayo ya supu ndiyo maneno ya mwisho ya muuaji, mawili tu, na filamu nzima ilikuwa inaelekea hapo. Jibu la babu walikuwa wameshalipiga asubuhi. Sasa kamera ilikuwa nje inachungulia dirishani, Mkavu ameipa mgongo. Masikio alikuwa amekaa kwenye korido, mlango wazi, wanaonana.

Mkavu alikunywa supu, akaweka kijiko. Kimya. Ndipo Masikio akasikia, kwa sauti ndogo ileile ya siku zote: "Masikio, mkono huu siusikii."

Haya, ameanza, Masikio alisema moyoni. Alijua tu asingeiacha siku ya mwisho ipite hivihivi. Na utani wenyewe ulikuwa mzuri, kwamba sumu ya uongo imeanza kumpanda kweli. Aliuma mdomo, akainua dole gumba. Mkavu alimtazama, akaliona, akalaza kichwa mezani taratibu. Yale maneno mawili hakuyasema.

Nje watu walicheka huku wameziba midomo. Mwongozaji, mwanamke mwenye umri wa binti yake Mkavu, alidhani mzee ameamua kufa bila neno, akaona hapo sasa ni ufundi, akaacha kamera iendelee. Supu ilimwagika ikatambaa mpaka shavuni kwa Mkavu, hakujitikisa, wakazidi kucheka. Mwongozaji aliposema basi, walimpigia makofi. Wakamwambia mzee amka bwana, umetuua. Aliyepiga kelele ni yule aliyemcheza babu, maana ndiye aliyekuwa ameketi mbele yake, akaona jicho moja limefunguka na la pili halifunguki.

Hakufa. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia: mkono, mguu na nusu ya mdomo. Alipotoka hospitali mke wake alimwekea kiti chenye mito karibu na dirisha la chumbani, kitambaa kifuani kwa ajili ya mate, na akawa ndiye anayemfasiria kwa wageni, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyemwelewa. Mwongozaji alikwenda kumwona, akilia, akauliza kama ile picha ya mezani aitupe. Mkavu alisema kitu. "Anasema ile ni kazi yake, msiitupe," mke wake alifasiri.

Masikio naye alikwenda mara nyingi. Alimpigia stori za mpira, za mvua, za fulani aliyeoa tena na uzee wake. La dole gumba hakuligusa, na Mkavu hakuligusa pia. Usingizi ulimpaa Masikio. Tuseme ukweli, alikuwa na haki ya kukosa usingizi. Kwenye nyumba nzima iliyojaa watu, aliyeambiwa alikuwa yeye peke yake, naye akajibu vizuri sana, endelea.

Filamu ikakatwa, ikaunganishwa, likabaki tundu moja. Babu anasema, "Kesho nitakupashia," na hakuna aliyemwambia kitu. Mwongozaji alimwita Masikio kwenye chumba cha uhariri, akafunga mlango.

"Kaka, nimempata mtu," alisema. "Yule wa redioni anayemwigiza Mzee Mkavu. Nimemsikiliza, huwezi kuwatofautisha. Kichwa kiko mezani, mdomo hauonekani. Maneno mawili tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe unajua kila kitu, ndiyo maana huna raha."

"Na mwenyewe atajua," Masikio alisema. "Mdogo wangu, humu ndani kila pumzi ni yake. Amekupa kazi ambayo hajawahi kumpa mtu mwingine. Halafu pale pa mwisho kabisa umwekee sauti ya mtu wa redioni?"

Mwongozaji alizungushazungusha kalamu mezani. "Hawezi kuongea, kaka. Nilikuwa pale, nilimwelewa kwa sababu mama alifasiri. Na hapo ndipo watu wanapotakiwa kucheka kuliko pote. Wasipocheka hapo, nimewasafirisha bure."

"Watacheka. Mkavu hajawahi kuwakosa."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi," Masikio alisema, kwa ujasiri ambao hakuwa nao.

Siku iliyofuata alibeba mashine yake akaenda. Mke wa Mkavu alimfungulia, akayatazama mabegi yake begani.

"Shemeji, leo unahamia?"

"Nimekuja kazini, shemeji."

Aliwaeleza wote wawili, hakuficha kitu. Alimweleza Mkavu habari za tundu, za maneno mawili, za yule mtu wa redioni aliyekwisha kupatikana. Hapo nyusi ya kushoto ya Mkavu ilipanda, akatoa maneno marefu kidogo, ya kuvutana. Masikio alimgeukia shemeji yake.

"Hayo sitafasiri," shemeji alisema. "Kuna mtu ametukanwa."

Wakaanza kuandaa chumba. Waliegemeza magodoro ukutani ili sauti isirudi, wakafunga madirisha, wakatandaza mablanketi sakafuni. Shemeji alichomoa friji, maana Masikio alisema lina mlio, ijapokuwa wenye nyumba hawakuwahi kuusikia tangu walinunue. Ikabaki cherehani ya jirani, taratata, taratata, nyuma ya ukuta. Shemeji akajitanda kanga yake akatoka kwenda kumwomba asimame kidogo, na wanaume wawili wakabaki peke yao.

Masikio alipiga magoti mbele ya kiti amvishe kipaza sauti. Kibanio hakikushika.

"Siku ile nilikusikia," alisema, bila kuinua uso. "Ulisema mkono huusikii. Nilikusikia vizuri kabisa. Nikadhani ni utani wako wa siku zote. Nisamehe, ndugu yangu."

Maneno yalimtoka Mkavu moja moja, yamelowa, hayana kingo, na Masikio pamoja na masikio yake yote ilimbidi asogeze kichwa.

"Niliona dole," Mkavu alisema. Akapumua. "Nikajua umesikia. Nikatulia."

Ndivyo ilivyokuwa kumbe. Hakugonga meza, hakujaribu kuinuka, hakumwita mtu mwingine yeyote, kwa sababu rafiki yake alikuwa ameshamjibu. Alilaza kichwa kwenye supu akasubiri waje kumchukua, na watu wakacheka. Masikio alibaki palepale sakafuni, machozi yanamtiririka, na aibu aliyoisikia ilikuwa aibu ya kutamani kufutika. Alingoja aambiwe nimekusamehe, au aambiwe toka nyumbani kwangu. Mkavu alinyoosha mkono wa kushoto, akakichukua kile kipaza sauti, akakibandika mwenyewe kwenye shati, kikakaa upande.

Cherehani ilinyamaza. Shemeji alirudi, akawatazama.

"Mna nini nyie?"

"Vumbi la magodoro, shemeji."

Shemeji alikaa ukingoni mwa kitanda, leso mkononi.

Zamani P za Mkavu zilikuwa zinabamiza kipaza sauti kama mlango uliosahauliwa wazi siku ya upepo, na Masikio alikuwa hachoki kumgombeza. Sasa P inataka midomo yote miwili, naye alikuwa na mmoja na nusu. Maneno mawili, yana P mbili. Mara ya kwanza ilitoka "Shufu imefoa." Ya pili vilevile, na mate juu yake. Alijaribu kusaidia mdomo kwa kidole, ikawa mbaya zaidi. Alijaribu kusema haraka, yakagongana. Shemeji alimfuta, wakarudia. Kuna wakati alikasirika akapiga mkono wa kiti kwa ngumi ya kushoto, na Masikio akasubiri ule mshindo umalizike kwenye vipokea sauti kabla ya kupumua.

"Baba, pumzika," shemeji alisema. "Jirani ana nguo za watu, lakini atangoja."

Mkavu alikataa kwa kichwa. Alitazama dirisha lililofungwa kwa muda mrefu, mpaka Masikio akafikiri amechoka na kazi imekwisha. Kisha akasema yale maneno bila kuyasukuma, bila kuzitafuta zile P wala kuzikimbia. Aliyaacha yatoke yalivyo. Yalikuwa yamepooza upande mmoja, lakini yalieleweka, na ndani yake mlikuwa na mtu aliyekaa mezani akingoja, akangoja sana.

Shemeji, ambaye hakuwa na kitu masikioni, aliipeleka leso kwenye macho yake mwenyewe.

"Hiyo," Masikio alisema.

Mwongozaji aliisikiliza mara moja, akavua vipokea sauti, akakaa ameshika tama. Mwishowe alisema haya, iweke, lakini nakukumbusha umeniahidi.

Siku ya kuionyesha, ukumbi ulijaa mpaka watu wakaketi kwenye vipito. Mkavu aliletwa kwa kiti cha magurudumu, amevaa shati lililopigwa pasi hadi kwenye kola, wakamweka mwisho wa safu. Shemeji alikaa upande wake mmoja. Masikio alivuta kiti akakaa upande wa pili, karibu na kipito, na roho yake ilikuwa juu tangu taa zilipozimwa.

Walicheka. Jamani, watu walicheka siku ile. Kile kiti kilipovunjika juu ya ngazi, jamaa mmoja nyuma yao alikuwa anapiga mapaja yake kama anafukuza nyuki. Mpishi alipowauliza wafiwa nani anatumia sukari, ukumbi mzima ulilipuka, na mama mmoja akawa anasema, hapana, hapana, huku anacheka. Masikio alivisikiliza vile vicheko jinsi anavyosikiliza kila kitu. Vilikuwa vinapanda kwa tamaa, halafu vinashuka kwa aibu, halafu watu wanatulia upesi wasipitwe na linalokuja. Wamempenda, alijiambia. Wanamwogopa na wamempenda. Alimtupia jicho Mkavu. Uso ulikuwa mkavu vilevile, nusu kwa kiharusi na nusu kwa mazoea.

Ikafika mezani. Watu walikuwa wameshaanza kucheka kabla ya kitu chochote, kwa kuona tu bakuli linavyosukumwa kuelekea kwa mpishi na mpishi anavyokosa pa kutazama. Akanywa. Akaweka kijiko. Ule mgongo ukabaki umetulia dirishani, na ukumbi ukashika pumzi ukisubiri mzee awamalize.

Kichwa kililala mezani. Kisha ile sauti ikasema supu imepoa.

Kulikuwa na mtu mbele aliyeanza kucheka, akaishia katikati. Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Babu akajibu, "Kesho nitakupashia," maneno ambayo mwongozaji alikuwa ameyajengea filamu nzima, nayo yakapita hivihivi. Mtu mmoja alikohoa. Supu ilikuwa ikitambaa mezani, na Masikio alisikia upande wa kulia mtu anavuta kamasi, na yule jamaa wa kupiga mapaja akimwuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "Huyu mzee mzima kweli?"

Masikio alikuwa ameahidi. Alikuwa amemchukua mchekeshaji ambaye hajawahi kuwakosa watu maisha yake yote, akamkalisha mbele ya umati, na neno lake la mwisho likaanguka chini. Ni yeye tena. Mara ya kwanza alimsikia mwenzake akamjibu vibaya, na sasa amemnasa vizuri, amemsafisha vizuri, na amempeleka kwenye kimya. Aliinama mpaka sikioni kwa Mkavu.

"Wamenyamaza," alisema. "Nisamehe, ndugu yangu. Bora ningemwachia yule wa redioni."

Mkavu hakuyatoa macho kwenye picha. Alianza kusema, na shemeji akainama upesi afasiri, lakini Masikio alikuwa ameshasikia mwenyewe.

"Hapo," Mkavu alisema, "sikuwa natania."